Mtamba wa Magesa na Samaki wa Kwenye Simu

Butiama, Jumanne

Nami mstaafu nikajiona bado mwalimu! Shemeji yangu Magesa alitaka kumuuza mtamba wake akacheze kasino ya mtandaoni. Nikamweleza taratibu: michezo ya karata, gurudumu, samaki wa kupigwa risasi kwenye skrini, yote imeundwa na kampuni moja, na hesabu zake humpendelea mwenye kasino. Kisha nikafungua mchezo wa samaki wa majaribio, usio na fedha, aone nitakavyoshindwa.

Nikashinda. Nikashinda tena.

"Kumbe shemeji unawezaga!" akashangilia. "Uza na wako!"

Mke wangu akatoka jikoni. "Magesa, mtamba huyo ni uzao wa ng'ombe wa mahari yangu. Bila ruhusa yangu hauzwi."

Kaka mtu akanywea.

Hesabu zangu zote bure. Kilichomwokoa mtamba ni mahari niliyonung'unika kuitoa.