Picha ya Mama ya Mwaka Juzi

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini, machozi hayakatiki.

Leo tulikuwa tunaijaribu ile kompyuta mpya ya kutafuta saratani kwenye picha za MRI za matiti. Tukaiwekea picha za zamani, zile zilizosomwa kuwa safi.

Moja ikaizungushia duara jekundu. Ya mama! Ile ya mwaka juzi, tuliyoambiwa hakuna kitu. Hakuna kitu, jamani!

Daktari mgeni, hajui picha ni ya nani wala ya lini, akasema: "Huyu apigiwe simu sasa hivi. Uvimbe bado mdogo, anatibika."

Anatibika!

Akaipiga mwenyewe namba iliyo kwenye faili.

Simu ya mama ikaanza kuita ndani ya mkoba wangu. Tangu tumzike, sijaweza kuizima.