Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Nyumba ya Wazee, Juru,
Nakivale, Isingiro, Uganda.
14 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Concilie,

Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Burundi, na bado nikiandika tarehe mkono wangu hutaka kutanguliza jina la Gitega. Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo? Na mumeo Dieudonné, mgongo umeacha kumsumbua, au bado anabeba mifuko ya saruji kama kijana? Mimi ni mzima. Magoti hayatii amri tena, lakini macho bado yanasoma, nami nashukuru.

Umeuliza kwa nini nilikaa kimya tangu Pasaka. Sababu ni Rénovat, jirani wa kitanda changu.

Unajua kwamba niliposhindwa kulima nilihamishiwa katika nyumba hii ya wazee na walemavu wasio na jamaa hapa kambini. Shirika la wakimbizi linatuita "watu wenye mahitaji maalumu". Mahitaji yangu maalumu ni miwani na kahawa. Ya Rénovat ni makubwa zaidi: kiharusi kilimlaza, hawezi hata kujigeuza, na asipogeuzwa ngozi ya mgongo huoza. Kumgeuza ilikuwa kazi ya msimamizi wetu, Bwana Ngoga, naye hakuigusa. Sisi wengine tulijaribu, lakini Rénovat ni mzito, na sisi sote tukijumlishwa hatufiki mwanamume mmoja mwenye nguvu.

Ngoga alituita "watoto wangu", ingawa bibi Gaudiose, mkongwe kuliko sisi sote, ana umri wa kumzaa mama yake. Unga mzuri na maziwa vilipita mlango wa nyuma. Sisi tulipikiwa uji wa unga wenye wadudu. Mablanketi mapya tuliyaona siku za wageni tu, nayo yaliondoka kabla vumbi la gari lao halijatulia.

Mwezi wa tatu alikuja ofisa wa ustawi kutoka Mbarara, binti mmoja aitwaye Sonia, akatuuliza kwa Kiswahili cha huko: "Wazee, nyinyi iko muzuri? Chakula napata?"

Wewe ni Mrundi, unajua kilichofuata. Nani kwetu atasema mbele ya mgeni kwamba ana njaa? Gaudiose alisema ananenepa. Mimi niliusifu uji. Rénovat, mgongo ukiwa wazi kama nyama ya buchani, akatabasamu: "Nalala kama mfalme." Binti wa watu akafurahi, akaondoka.

Mama Annonciata, mwenzetu humu ndani, Mkongomani wa Uvira, siku hiyo alikuwa mazishini. Aliporudi na kusikia, alitupa kitambaa chake chini.

"Munasema tuko bien? Batu ba Burundi, mutakufa na adabu yenu! Na kwa kaburi bataandika: alikuwa mupole!"

Yeye alikuwa amelalamika mara nyingi. Lakini Ngoga aliwaambia wakubwa wake kwamba kichwa cha mama huyu kimeharibika, nao wakamsadiki. Basi nyumbani mlikuwa na watu wa aina mbili: wasiosema, na anayesema asisadikiwe. Na Rénovat akaanza kushikwa na homa.

Sonia alirudi baada ya Pasaka. Mimi nilikuwa nimewaza sana, nikaona kwamba ikiwa adabu ndiyo iliyotufunga, basi hiyohiyo itufungue. Uji ulipoletwa nilisimama kwa fimbo yangu, nikavua kofia.

"Bwana Ngoga, kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Tuheshimu."

Ngoga akacheka. Akasema amefunga.

"Kwaresima imekwisha, mwanangu," Gaudiose akamkumbusha kwa upole.

"Basi ni tumbo. Daktari amenikataza uji."

"Docteur gani?" akauliza Annonciata. "Jana ulikula muchomo pale kwa njia, mafuta mpaka kwa kiwiko! Ile nyama docteur hakukataza?"

Sonia naye akacheka. Akasema hata bibi yake, Mnyankole, hakuruhusu mtu anywe pombe kabla mwenye pombe hajaonja. "Onja tu, Ngoga. Ni heshima ya wazee."

Maskini. Shtaka angeweza kulikana. Heshima hakuweza kuikataa. Alimeza funda moja, na uso wake ukawa wa mbuzi aliyelamba betri. Funda la pili lilirudi lenyewe, likatua juu ya viatu vya Sonia. Binti akachukua kikombe, akachungulia ndani, na wadudu wakamchungulia.

Kisha, bila kumuuliza mtu tena, akaenda kitandani kwa Rénovat.

"Nalala kama..." Rénovat akaanza.

Sonia alikuwa amekwisha kufunua blanketi. Hapo hakuna aliyecheka.

Siku hiyohiyo gari lilimpeleka hospitali ya Ruharo, nami nikamsindikiza. Daktari alisema sumu ya kidonda ilikuwa inaingia katika damu. Tungechelewa kidogo, tungemzika. Amerudi Jumanne. Ngoga ameondolewa na kesi yake iko polisi. Msimamizi mpya, Ushindi, huonja kila sufuria mbele yetu bila kuombwa, na amekwisha kunenepa.

Hospitalini Rénovat alijifunza kulalamika. Sasa analalamikia chumvi, mto, na mkoromo wangu. Juzi alisema Gaudiose anasali rozari kwa haraka kama mtu anayekimbilia basi. Tunamsikiliza kama tunavyosikiliza kwaya.

Lakini kwa maumivu yake mwenyewe bado ni Mrundi. Asubuhi namuuliza amelalaje, ananijibu, "Vizuri sana, Salvator." Inanibidi nikae, nimuulize mara ya pili, bila haraka, ndipo anataja mahali panapouma. Ushindi ni mtu mwema, lakini ana nyumba nzima ya kuhudumia. Swali la pili hana nafasi nalo.

Umeniandikia kwamba chumba kiko tayari kwenu Buyenzi, chenye dirisha la barabarani, na kwamba malori ya kurudisha wakimbizi Burundi yataondoka Agosti. Barua yako nimeisoma hadi imelainika kwenye mikunjo. Ningependa kula samaki wa mukeke aliyekaangwa kwa mkono wako, na kusimama kwenye kaburi la mama yako, dada yangu ambaye sikumzika.

Nisalimie Dieudonné, na binti yenu Doriane aliyeanza masomo ya unesi. Mwambie wagonjwa wa kwetu ni waongo. Mama Annonciata anakusalimu, anasema mlalamike kidogo huko, ni dawa. Mungu awalindie mlango na wote mnaolala ndani yake.

Chumba kile mpangishe mtu, mwanangu. Sitarudi.

Mjomba wako akupendaye,
Salvator