Mkamwana Anayegeuza Viatu vya Wageni

Bi Mwatima, shikamoo. Naomba unizuie kabla sijaharibu, maana nyumba yangu hapa Mtoni imeingia kitu nami sina wa kumwambia. Mwanangu Khatib ameoa Mjapani, Kaori, kasilimu, ana adabu, na hiyo adabu ndiyo inayonitisha, kwa sababu hakasiriki, hasemi hapana, nikimwagiza asilolitaka anainama, "Kidogo vigumu, mama," kisha hafanyi, na akila chungwa njiani maganda hayatupi, anayafunga mfukoni anarudi nayo, na yetu huyakusanya, nami najua mabaki ya mtu hukusanywa kwa kazi gani. Kubwa zaidi ni viatu. Mgeni akivua mlangoni, yeye hutoka kimya akavigeuza vielekee nje, hata vya Khatib huvigeuza kila akirudi kazini. Juzi walikuja watu wa posa ya binti yangu Tahiya, tukawa ndani tunakula halua, shangazi wa kijana akatoka, akakuta viatu vyao vimepangwa mstari vinatazama njia. Akaniambia, "Bi Faiza, mngetwambia tu tuondoke." Tangu hapo hata simu hawajapiga. Basi nikaupekua mkoba wa Kaori, nakuungamia, nikakuta karatasi walizofutia mikono wageni wale wale. Nimekusudia Ijumaa nimwambie Khatib achague, mimi au yeye. Nimekosea?

Faiza, Mtoni

Marahaba, Faiza mwanangu. Futa machozi unisikilize.

Unasema hata viatu vya mumewe anavigeuza. Naye anamfukuza? Na mchawi gani afanyaye kazi yake mchana, mlangoni, mbele ya mama mkwe? Barua yako imemtetea, wewe mwenyewe hukuisikia.

Mimi Japani siijui, ila sikutaka kukaa na ujinga wangu, nikamwendea jirani yangu Kulsumbai, aliyewahi kuishi huko na mumewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwao mgeni hugeuziwa viatu ili akitoka avae tu aende, asihangaike, ni kumuenzi. Mapipa ya taka njiani ni ya kutafuta, kila mtu hurudi na taka zake kwake, wala hakuna askari anayemsimamia; hata karatasi zile za mkobani ni taka tu alizowaondolea wageni. Na hilo "kidogo vigumu" ndiyo hapana yenyewe. Keshakukatalia mara chungu nzima, wewe unangoja akupayukie.

Khatib naye nna lake. Anayajua haya yote, kanyamaza, mnawindana nyumba moja kama paka wawili. Mwite umkaripie, kwa hilo tu.

Mkoba wa mtu haupekuliwi. Mwombe radhi. Kisha vaeni mabuibui mwende nyote wawili kwa yule shangazi, Kaori aseme mwenyewe, kwa Kiswahili chake hicho hicho, alichokusudia. Mfundishe pia kwamba hapa kwetu viatu vya mgeni haviguswi. Mtu anayeshika taratibu vile, ukimwambia mara moja basi. Posa ikivunjika hata baada ya hapo, shukuru, maana watu hao wangemtesa Tahiya kwa sababu ya kijiko.

Na la Ijumaa lifute. Khatib umemlea asimtupe mtu anayemtegemea, na huyo msichana kaacha kwao kote kamfuata yeye. Ukimwambia achague, atalia, atakubusu mkono, kisha atafunga mizigo.