Tanuri la Wanaokudai

Baba,

Jana tumefungua tanuri. Mikono yangu imechubuka hata kalamu naishika kwa tabu, lakini nataka uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa Mama, maana Mama unamjua, ataongeza chumvi.

Nianzie siku ya mazishi, kwa kuwa wewe siku hiyo ulilala tu, ukatuachia kazi yote. Baba Mdogo alisimama kando ya kaburi akasema yale yanayosemwa kila msiba: anayemdai marehemu ajitokeze, azungumze na familia. Nilidhani yatapita. Kwa kawaida watu hutazama chini, mchungaji anafunga kwa sala, tunakwenda kula. Mama Yustina wa dagaa akasimama. Mzee Bigirimana akasimama. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona aibu kuinua uso.

Wote walikudai matofali. Walikulipa kabla hujafyatua, kama mlivyozoeana, na hakuna aliyeandika popote. Mvua iliwahi ikayeyusha matofali mabichi. Ukaanza kuugua, na kuni za tanuri Mama akaziuza tukulipie matibabu Kasulu. Ukaondoka huna tofali wala kuni.

Baba Mdogo akasema tuuze bonde tuwarudishie watu fedha zao. Nikamtazama Mama. Bonde lile ndilo linalompa maharage na mboga kiangazi chote, na kibanda changu cha vitenge kule Kibondo kinanilisha mimi peke yangu, tena kwa kusuasua. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bonde haliuzwi. Kiangazi nitafyatua mimi."

Kuna mtu alicheka, Baba, pale pale msibani. Simlaumu. Tangu utotoni kazi yangu kwenye matofali ilikuwa kukuletea maji na kukimbia jua. Wakakubaliana kunipa tanuri moja. Nikishindwa, bonde linauzwa.

Mvua zilipokatika nikafunga kibanda, nikarudi nyumbani Kitanga. Asubuhi ya kwanza nikateremka bondeni na jembe lako na kile kibao chako cha kufyatulia. Nikamkuta Mama Yustina amekwisha kufika. Kitenge amekikunja hadi magotini, yumo kwenye tope, anakanyaga udongo.

"Usidhani nimekuja kukusaidia," akaniambia. "Nimekuja kuangalia matofali yangu."

Nikabaki nimesimama na jembe begani. Mtu anayekudai anakanyaga udongo wa deni lake mwenyewe! Sijawahi kuona jambo kama hilo, na hata sasa ninapoliandika mwili unanisisimka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Baba yako alikuwa msumbufu, lakini nikikaa nyumbani kumdai maiti, nyumba yangu itasimama lini?"

Kesho yake wakaja wawili. Kabla ya Jumapili walikuwa wamefika wote. Wengine walifyatua, wengine wakachota maji, wengine wakakata nyasi za kufunikia. Walibishana, walinitania, walikusema vibaya na kukusema vizuri kwa pumzi moja. Matofali yangu ya mwanzo yaling'ang'ania kwenye kibao, yakatoka yamepinda, Mama Yustina akasema yatafaa banda la kuku. Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: "Kipake kibao mchanga kwanza, tofali lisikuone mgeni." Nikapaka. Likatoka zima. Nikalia kidogo, nikasingizia jasho.

Kuni zilinikosesha raha. Tulipomaliza kupanga tanuri sikuwa na hata gogo moja. Mzee Bigirimana akakata mikaratusi yake, ile aliyoitunza kwa ajili ya kuezekea nyumba ya mwanawe, akaileta kwa mkokoteni. Nikamwambia, "Mzee, sasa na hili nitalilipa lini?"

"Ego, ndiyo, najua huna," akasema. "Lakini kuni hizi ni mambo yangu na baba yako. Wewe hazikuhusu."

Tukawasha. Ulinisimulia moto wa tanuri mara nyingi, lakini zamani sikuruhusiwa kusogea. Midomo ya tanuri ilipogeuka nyekundu, wale watu wote wenye maneno mengi walikaa chini kuutazama. Niliogopa, Baba, ule woga wa kanisani. Nilijiuliza wewe ulikuwa nani kwa watu hawa, na mimi ninayejiita mwanao nilikujua kiasi gani.

Mengine yamepasuka, mengine hayakuiva, lakini yametosha. Na kabla ya kuchukua hata moja, Mama Yustina alipanda hadi kaburini, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema, "Sikudai." Wakamfuata wote. Mzee Bigirimana alivua kofia akazungumza nawe kwa Kirundi kitambo kirefu, na nadhani kulikuwa na utani ndani yake, maana alicheka mwenyewe. Mimi nilisimama kwenye migomba nikiwatazama. Bonde limebaki la Mama.

Yakasalia matofali pembeni. Nikamwambia Mama nitamjengea jiko, kwa sababu kijiji kizima umekifyatulia na mkeo bado anapikia kwenye kibanda cha nyasi. Tangu mlipooana ulimwahidi jiko la tofali. Nilidhani atafurahi.

"Hilo liache," akasema. "Hayo matofali yapeleke kanisani. Kila asubuhi nakwenda kule juu kaburini kumgombeza baba yako kwa ajili ya jiko langu. Mkinilipa, nitakwenda kumwambia nini?"

Kwa hiyo lala salama, Baba, hakuna tena anayekudai ila mmoja. Nakuahidi kila kiangazi nitakuja kumwezekea Mama nyasi mpya, nitaziba pale panapovuja, nitapanga mafiga yake vizuri. Lakini tofali sitaweka, hata akinisihi. Deni hilo ni lenu wawili.

Mwanao,
Ester