Nusu ya Komamanga

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemaliza jani la tatu. Kidole kimetobolewa kama chujio la chai. Fundi saa mzima wa Bukhara, miaka hamsini na minne, kitambi mbele — nadarizi tandiko la bibi harusi!

Kisa ni vidole vya mke wangu, Mama Nigora. Tangu baridi ya Januari vimevimba, sindano haishikiki. Wenzake wa kikao cha kudarizi cha Alhamisi hawajui. Mwezi wa sita tandiko lilichorwa maua likiwa zima, likafumuliwa vipande vinne, kila mmoja akaenda na chake nyumbani. Nikasema nitamtungia uzi tu. Kisha jani moja tu. Sasa nimebaki na kipande kizima, naye ananisimamia kama mwalimu mkuu.

— Baba Nigora, hilo ni jani au kiatu?

Nilimwambia awaeleze ukweli. Akatikisa kichwa. Manzura, mwenzao wa zamani, macho yalipomchoka, walimpa birika awe anamimina chai. Akamimina mwaka mzima. Halafu hakuja tena, wala hakuna aliyemfuata, hata yeye Mama Nigora hakumfuata. "Sitaki birika," akasema. Sikurudia.

Alhamisi, 5 Septemba

Kikao kwa Sharofat, mama wa bibi harusi. Mama Nigora karudi mashavu mekundu. Kipande kimesifiwa! Hata mwenzao Oydin, asiyesifu wanawe wa kuzaa, kasema mikono ya Muhayyo — ndivyo wanavyomwita mke wangu — imerudi ujanani. Kakishika muda mrefu, kakigeuza huku na huku.

Kichwa kilinivimba, nikaongeza bakuli la pili la pilau. Mkahawani rafiki yangu Sadriddin ananisaka: mbona siji kwenye sataranji, nimeoa tena? Nikamwambia ni tumbo. Angejua!

Lakini — Alhamisi ijayo wanakuja kwetu. Kuunganisha vipande, kumalizia pamoja, sindano nne mahali pamoja. Mama Nigora atafunga kidole bendeji, aseme kajikata na kisu cha karoti. Ndiyo mpango wetu wote. Mimi niwe karakana, mbali.

Jumapili, 8 Septemba

Balaa.

Oydin kapita asubuhi, kaacha kipande chake. Eti tulinganishe rangi. Nikavitandaza viwili sakafuni, bega kwa bega. Kwenye maungio kuna komamanga kubwa, nusu ya Oydin, nusu yangu. Mishono yake yote imelala kulia. Yangu yote imelala kushoto, kama majani yaliyolaliwa na punda.

Mimi ni wa mkono wa kushoto! Miaka thelathini nakaza skrubu za saa kwa mkono huo, na halikunijia hata mara moja. Kipande kikiwa peke yake hakisemi kitu. Kikiwekwa ubavuni mwa mwenzake, hata kipofu angekipapasa akajua.

Mama Nigora akakaa kitako. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kufumua chote haiwezekani, ni kazi ya miezi mitatu. Tumekubaliana: nifumue nusu ya komamanga tu, niishone upya kwa mkono wa kulia.

Jumatano, 11 Septemba

Mkono wa kulia ni mgeni kabisa mwilini mwangu. Nashona, nafumua. Kitambaa kimeanza kuota manyoya. Robo tu ndiyo imesimama, nayo ni kama kuku kapita juu yake. Karakana sijafungua tangu juzi. Naomba mvua, gharika, chochote.

Alhamisi, 12 Septemba

Wamekuja kabla ya saa waliyosema! Nilikuwa chumba cha ndani, kipande magotini. Mlango ni mmoja na unatokea uani, na uani wamekaa wao. Mama Nigora kaniinamia: "Usikohoe." Kawaambia nimekwenda kazini. Viatu vyangu viko pale pale kizingitini, mtu asiyevaa viatu kenda kazini vipi?

Nusu saa sasa, naandika humu humu. Miguu imekufa ganzi. Wanacheka, wanavunja mkate. Pole nyingi kwa kidole.

Sharofat: "Muhayyo, lete kipande basi, mwanangu atazeekea kwangu!"

Akaingia. Hakunitazama. Nikampa.

Wanakiweka pamoja na cha Oydin, nasikia kitambaa kikinyooshwa.

Oydin, polepole: "Muhayyo, mumeo anashika kijiko kwa mkono gani?"

Hakuna anayecheka. Kumbe mwanamke huyu hakuleta kile kipande kwa ajili ya rangi.

Mama Nigora anasema kitu, sauti imeshuka, sikipati chote. Vidole. Januari. Kisha hiki nakisikia wazi: "Nipeni birika, nimimine."

Birika linaburutwa. Sijui linaburutwa kwenda kwake au kutoka kwake. Nimebandika sikio mlangoni, mtu mzima mimi!

Sharofat: "Na hii nusu sasa, nani ataimaliza?"

Mtu kainuka. Kandambili zinakuja huku, si mwendo wa mke wangu. Ni Oydin, mlangoni.

— Shemeji. Viatu vyako vimerudi kutoka kazini peke yake?

Ndevu zimejaa nyuzi nyekundu. Nimevua kastabini ya kidoleni. Nimeivaa tena.