Dakika Kumi na Moja

Mama Shamte, nimeaibika leo mpaka sijui uso niuweke wapi.

Si unaijua ile mashine ya kupumulia usingizini, aliyoniletea Oliva kutoka Dar kwa sababu nikilala pumzi inakatika? Daktari alisema nikiivaa hata presha itashuka. Leo wiki ya tatu tumeenda kliniki, presha mia na tisini! Imepanda!

Nesi ananiuliza, "Mama Oliva, mashine unaivaa?" Nikamwambia kila siku, mpaka asubuhi. Oliva kakaa pembeni yangu.

Kumbe ile mashine inaandika. Inaandika, Mama Shamte! Nesi kabonyeza vitufe, kasoma kwa sauti: "Wiki tatu zote, dakika kumi na moja."

Dakika kumi na moja!!

Oliva wala hakugomba. Kaniuliza tu mbele ya watu, "Mama, unataka kufa?"

Nikifunga ile mikanda ya barakoa yake usoni, moyo unanienda mbio, naona kama nazikwa. Baba Oliva kapuliza salfa mikoroshoni miaka ishirini bila barakoa, ukimwambia avae anacheka. Ya kwanza kumwona nayo ni ile ya oksijeni, wodini. Hakuivua yeye. Niliivua mimi, alipokwisha kata roho.

Oliva hilo halijui, alikuwa bwenini.

Sasa tumerudi Newala, kaipanga vizuri kabisa ile mashine kitandani kwangu. Kaiweka upande wa baba yake.

Ananiita nikaijaribu. Nimekaa hapa mlangoni, nakusimulia wewe kwanza.