Fishi Namba Kumi na Sita

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kwenye meza yako ya parokia, ileile yenye mguu mmoja mfupi. Kipande cha mbao ulichokiweka chini yake bado kipo. Paroko mpya alinipa kazi yako mwaka juzi, alipoona kwamba hapa Kolwezi hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wako mdogo. Sasa mimi ndiye ninayetunza masanduku ya fishi, zile karatasi ngumu za sensa ya waumini: fishi moja kwa kila familia, yenye namba ya nyumba yao, baba juu, mama chini yake, kisha watoto kwa kufuatana, na pembeni ule mstari wa "asili", yaani kijiji na chifu.

Siku hizi watu wanakuja kutafuta wazee wao, Baba. Wengine wanatoka Lubumbashi, wengine Kasai, wengine wanaandika kutoka Ulaya. Mtu anataka kujua babu yake aliacha kijiji gani alipoletwa kufanya kazi mgodini, na karatasi za ofisi nyingine zimeliwa na panya zamani. Za kwetu zipo kwa sababu wewe ulizifunga kwa nailoni na kuzipangusa vumbi kila mwezi. Nilijivunia sana. Mama mmoja aliwahi kulia hapa mbele yangu baada ya kukuta jina la bibi yake, na nikasema moyoni, hii ni kazi ya baba yangu.

Unakumbuka tulivyozunguka nyumba kwa nyumba? Mimi nilibeba chupa ya maji, wewe kisanduku na penseli mbili, ya buluu kwa waliobatizwa, nyekundu kwa familia zilizohama parokia; waliofariki uliwawekea msalaba mbele ya jina. Mama alikutania kwamba unajua majina ya bibi za watu wote lakini chumvi unasahau kununua. Tulichelewa zaidi nyumba ya kumi na tano, kwa jirani yetu Tata Tshibangu, fundi umeme wa mgodini, ambaye asili yake ilikuwa mkoa wa Kasai kama ya Mama. Binti yake Ngalula alikuwa rafiki yangu, tuliketi dawati moja. Nyinyi wawili mlibishana kila mara nani anaharibu zaidi nyimbo za misa. Alikutajia kijiji chake, chifu wake na ukoo wake mpaka babu wa nne, na wewe uliandika yote. Njiani nikakuuliza kwa nini watu hawakufichi kitu.

"Fishi haidanganyake, Mado," ulisema. "Njo maana batu bananiamini."

Halafu mgodi ukaporomoka. Mishahara ikakatika, hospitali ikabaki na vitanda bila dawa, na kwenye mikutano watu wakaanza kuambiwa kwamba waliokula nchi ni Wakasai. Waliokuwa wakisali nasi rozari jioni waliacha kutusalimia. Mama aliacha kwenda sokoni, maana akifungua kinywa tu wanajua alikotoka. Wewe ulikuwa Mlunda wa Kapanga, mwenyeji wa mkoa huu, hakuna aliyekugusa, lakini usoni ulikonda kuliko Mama.

Mchana mmoja nilirudi shuleni nikakuta vijana wawili wa ile mikutano wamekaa sebuleni, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Kisanduku cha fishi kilikuwa wazi mezani. Mmoja aliniuliza jina langu kwa upole kabisa. Ukamkatiza.

"Mado, enda inje. Enda uteke mayi."

Ndoo ilikuwa imejaa. Niliiona na wewe uliiona, lakini nilitoka, kwa sababu sauti yako haikuwa ya kubishana nayo.

Wiki nne baadaye walikuja barabarani kwetu wakiwa wengi, na mmoja wao alishika karatasi. Alikuwa anasoma namba za nyumba. Mama alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, nami nilimshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zangu zikamtoa damu. Tulisikia mlango wa kumi na tano ukivunjwa. Tulimsikia mama yake Ngalula akiomba aachiwe sufuria tu. Kisha hatua zikaja mpaka mlangoni petu, zikapita, zikaenda kumi na tisa.

Mama alianguka magotini. "Mungu ametupita," alisema, "sawa kule Misri." Wewe ulibaki umesimama umeegemea ukuta. Hukupiga magoti, na mimi niliona hilo bila kulielewa.

Watu walilala stesheni wiki nyingi wakisubiri treni ya Tenke na Kamina ya kuwapeleka Kasai, chini ya mvua, na watoto wakaanza kushikwa na surua. Kila siku ulinituma na bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo kwa familia ya Tata Tshibangu. Ulipakua mwenyewe, na sehemu yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Yule mzee alikuwa ananiwekea mkono kichwani: "Wambia baba yako Mungu amubariki. Ni ye tu hakutusahau." Nilikuletea maneno hayo kama yalivyo, na wewe ulikuwa unaacha kula.

Siku moja nilifika na sahani nikaona mgongo wa mama yake Ngalula uko mtupu. Kanku, mtoto wao wa mwisho aliyekuwa akimbeba hapo, alikuwa amezikwa asubuhi ile nyuma ya reli, bila padri, bila kuandikwa popote. Siku chache baadaye treni iliwachukua.

Mama alifariki mwaka jana, Baba. Unajua hilo kuliko mimi, kama mko pamoja. Nilipokuwa nateremsha picha yenu ya arusi ukutani, kadi ilianguka kutoka nyuma ya kioo. Ilikuwa fishi yetu, namba kumi na sita. Nilikuwa nimeitafuta mwaka mzima ili wanangu waandike ukoo wao, kwa maana sandukuni kuna kumi na tano, halafu kumi na saba. Nilidhani imepotea, na hata niliona haya kwa ajili yako, wewe usiyepoteza kitu. Juu yake umeandika jina lako, na chini yake: Kapinga, mke, asili Kasai. Mama alipangusa kioo kile kila Jumamosi maisha yake yote.

Nilirudi kwenye sanduku siku ileile. Kwenye kumi na tano, kumi na tisa, ishirini na mbili, kote nilikuta penseli nyekundu: "Familia imehama." Na tarehe. Wewe hukuweza kuandika chochote bila tarehe. Kwenye fishi ya Tata Tshibangu, ubatizo wa Kanku umeandikwa kwa buluu, siku ya Jumapili. Mstari unaofuata ni mwekundu, Jumanne ya wiki ileile. Jumanne ile walikuwa bado nyumbani kwao, na mimi na Ngalula tuliendelea kuketi dawati moja wiki nne zaidi. Uliwahamisha kwa penseli kabla hawajahamishwa kwa fimbo, na wale vijana wa sebuleni wakanakili namba. Yetu ulikuwa umeshaitoa.

Nimekukasirikia mpaka nikaumwa. Ulitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yako ilichukua zaidi ya miaka thelathini, na ni mimi niliyeachwa kuifikisha mwisho.

Wiki iliyopita Ngalula alikuja. Alikuwa ameniandikia kabla, kwa hiyo niliijua siku. Asubuhi ile nilitoa kifutio ili niondoe maneno yako mekundu. Nilijaribu kwanza kwenye fishi ya ishirini na mbili. Rangi haikutoka, ilisambaa tu. Nilikuwa bado nimeshika kifutio alipobisha hodi. Amenenepa, ana mvi, lakini bado anacheka kwanza kabla ya kusema.

"Mado, baba angali muzima," alisema. "Anasema Kanku naye angali muzima mu ile fishi yenu, maana hakuna mutu alimuandikia musalaba. Anataka bamuandikie, kisha ye naye atalala. Na amenituma nishukuru baba yako juu ya bukari."

Ningeweza kumwandikia nakala safi kwa mkono wangu, kwa buluu tupu. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Badala yake nilimpa fishi yenyewe. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Ile Jumanne tulikuwa tungali ku nyumba."

"Mulikuwa."

"Nani aliandika?"

"Baba yangu."

Nilitoa fishi yetu kwenye mkoba na kuiweka kando ya yao. Aliitazama namba, akalisoma jina la Mama na asili yake, akatazama pengo lake kisandukuni. Sikuhitaji kumweleza.

"Bukari," alisema. "Njo maana ya ile bukari."

Nilimwomba msamaha. Neno lilitoka dogo, naye hakulipokea wala hakulikataa. Kisha akasema, "Baba sitamuambia. Kila asubui anaombea baba yako, sitamunyanganya ile maombi. Mi nitabeba. Andika musalaba." Nilipochukua kalamu akagusa mstari mwekundu, akaongeza, "Na ile ya rouge usifute."

Nikaandika msalaba mbele ya jina la Kanku. Alipiga picha ya fishi kwa simu yake, akaondoka bila kunywa chai. Sidhani atarudi.

Unataka kujua kama nakuhukumu. Mama aliishi. Alinilelea watoto wanne, aliimba jikoni, alizeeka kwake, na kila siku ya siku hizo ilitoka nyumba ya kumi na tano. Sijui ningefanya nini mimi kwenye kiti kile, na mlango umefunguliwa, na Mama jikoni. Nakupenda bado, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Fishi yetu nimeirudisha mahali pake. Mama nimemwandikia msalaba, kama wako. Penseli yako nyekundu ilikuwa bado ndani ya kisanduku, imechongwa vizuri. Chini ya majina yetu yote nimeandika, "Familia imehama," na tarehe ya Jumanne ile.

Mwezi wa wafu nitakuja kupalilia kaburi lako. Kusali, sijui bado. Lala kama unaweza.

Binti yako Mado,
aliyebeba bukari